Shingo Aliyoipima Rukaiya

Haya nimeyapata kwa Sikudhani, shangazi yake Rukaiya mwenyewe, mwezi wa Rajabu uliopita, tumekaa ukumbini kwangu tunapeta mchele. Alianza kwa kucheka, akaishia kujifuta macho kwa upindo wa kanga, na mchele wote siku ile tuliula na chuya zake. Nimeyaandika kama alivyonipa, na alipokomea yeye ndipo nilipokomea mimi.

Basi, Rukaiya alikuwa binti wa Mzee Idrisa, mkata mikoko wa visiwa vya ndani huko delta. Mungu alimjalia kusoma, akasomea kupiga picha za ndani ya mwili, akapata kazi hospitali moja huku Kibiti. Kazini anavaa koti jeupe na watu wanamwita sista ingawa si nesi. Akirudi kwao anavua viatu, anaingia topeni kama wenzake.

Mchumba wake alikuwa Mudathiri, kijana wa Kimatumbi, wazazi wake wamehamia Ikwiriri kutoka milimani. Beki wa kati. Mpira wowote wa juu ulikuwa wake, anaruka, anaupiga kichwa mpaka unalia. Kilichompendeza Rukaiya hakikuwa mpira. Ni kwamba mtu huyu, mrefu vile na mabega yale, akizungumza na mwanamke alikuwa akiinama kidogo ili asimwongeleshe kutoka juu. Sikudhani anasema, "Mwanamume wa kukuinamia hivyo ukimpata, unapoteza akili."

Posa ilikuwa imepokelewa. Lilibaki jambo moja tu, boriti.

Kwa ukoo wa Mzee Idrisa mwanamume haingii kwenye nikahi hivi hivi. Siku ikipangwa, maji yakikupwa, mchumba hushushwa mtoni, akaikuta boriti ya mkoko mbichi imelazwa topeni. Aibebe peke yake begani mpaka kiwanjani, aitue mbele ya miguu ya mkwewe. Hiyo ndiyo boriti ya kwanza ya nyumba atakayolala mkewe. Akishaitua, siku ya ndoa inatajwa hapo hapo. Akiangusha atacheka na watu wacheke, atainua tena. Lakini ikitolewa begani mwake na mtu mwingine kabla hajafika, posa imekwisha. Na mwali haruhusiwi kuonekana mtoni, anakaa ndani anasikia vigelegele tu.

Sasa, kabla ya siku hiyo kufika, Mudathiri aliumia.

Ilikuwa mechi ya kawaida pale Kibiti. Mpira wa kona, akaruka yeye, akaruka mshambuliaji wa wenzao, vichwa vikagongana, shingo ikamrudi nyuma. Akaanguka chali. Akawa anaona mawingu, anasikia watu wanamwita, lakini mikono haipo, miguu haipo. Walipomfikisha nje ya uwanja kwa machela, vidole vikaanza kuwasha, mara mkono ukarudi, mara mguu. Akasimama. Watu wakapiga makofi. Yeye akapunga mkono kama aliyefunga bao.

Siku ya pili yake akaja hospitali, anatabasamu.

"Nimekuja kupigwa picha na mke wangu."

"Bado sijawa mke wako," Rukaiya akamwambia. "Vua huo mkufu. Simama ubavu hapa. Shusha mabega."

"Ninyoe na ndevu?"

"Mudathiri, usicheke, picha itatikisika."

Picha ikatoka. Rukaiya akakaa mbele ya kompyuta yake, na Mudathiri amesimama nyuma ya kiti, kidevu karibu na utaji wake, anapumua. Shingo ya mtu katika picha ya ubavu ni pingili zimepangana moja juu ya nyingine, na nyuma yake kuna njia, tundu refu la mfupa, linalopitisha uti, ule unaopeleka amri mikononi na miguuni. Rukaiya akapima pingili, toka mbele hadi nyuma. Akapima na ile njia. Kwa mtu wa kawaida vipimo hivyo viwili vinakaribiana. Kwa Mudathiri njia ilizidi nusu ya pingili kwa kiduchu tu.

Akapima ya chini yake. Akapima na ya tatu. Akafuta yote, akaenda kunawa uso, akarudi, akapima upya.

"Mbona unarudiarudia?" Mudathiri akauliza. "Unaipenda sana shingo yangu?"

"Naipenda," akasema, na sauti yake haikucheza.

Palikuwa na kitu kimoja cha kujishikilia. Wanamichezo wana pingili nene, na kipimo hiki cha kulinganisha huweza kumsingizia ubovu mtu asiye nao. Alifundishwa chuoni. Akakishika hicho kama mtu anavyoshika mzizi wa mkoko maji yakimvuta. Akamwandikia daktari, daktari akampa Mudathiri barua ya kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine ya MRI inayoonyesha uti wenyewe na siyo mfupa peke yake.

Rukaiya akaomba ruhusa kazini, akamsindikiza. Daktari wa huko aliwaweka wote wawili mbele ya picha. Akawaonyesha maji yanayotakiwa kuuzunguka uti, ambayo kwenye picha ni meupe. Kwa Mudathiri, mahali pa pingili tatu, weupe haukuwepo kabisa.

"Umezaliwa hivi," daktari akasema. "Uti wako umekaa kama mguu wako ndani ya kiatu cha mdogo wako. Mpira basi. Mzigo wa kichwani au begani basi. Wala asikuvute shingo mtu yeyote. Uwanjani siku ile ulipewa onyo, kijana wangu. La pili huwa si onyo tena."

"Na upasuaji?" Rukaiya akauliza.

"Tutamfuatilia. Vidole au miguu vikianza kumsumbua, mlete upesi, tutazungumza upasuaji. Lakini hata tukimpasua, uwanjani harudi."

Wakapanda basi la kurudi. Walipofika Kibiti, ndipo Mudathiri akamgeukia. "Ninyi kazini mmeapa. Siri ya mgonjwa ni siri."

"Tumeapa."

"Basi."

Hilo "basi" ndilo Rukaiya alilokwenda nalo mpaka kwao, siku ya boriti ilipofika.

Asubuhi ile alimkuta baba yake barazani anakunywa uji, mama yake Mwanabibi anakuna nazi kando. Akakaa chini karibu na miguu ya baba yake, kama alivyokuwa akikaa mdogo.

"Baba, hii boriti haiwezi kuachwa?"

"Iachwe iende wapi?"

"Nasema ndoa ifungwe tu. Siku hizi watu wameacha mambo haya."

"Watu gani hao? Nitajie nyumba, nikawaulize." Mzee Idrisa akacheka. "Mimi ya babu yako mzaa mama niliibeba na homa. Mama yako huyu shahidi."

"Uliibeba ukaanguka nayo mara mbili," Mwanabibi akasema bila kuinua macho kwenye mbuzi. "Usidanganye watoto."

"Nilianguka, lakini nilifika!" Kisha mzee akaweka bakuli chini, akamtazama bintiye vizuri. "Rukaiya. Mtu mwenyewe mchezaji mpira, mwili kama ule, kigogo kimoja kimshinde? Kuna kitu unanificha?"

Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Akaliona pale kama unavyoona kitu cha mkononi. Lakini aliujua moyo wa baba yake. Kaka mkubwa wa baba huyo, marehemu Abdala, aliteleza na furushi la boriti, shingo ikavunjika, akalala kitandani miaka ya kulala, na aliyemgeuza ubavu huu na ubavu huu ni Idrisa na mke wa Abdala. Akilisema neno lile, posa ya Mudathiri imekwisha.

"Hakuna, baba," akasema.

Wageni walikuja na boti ya kutoka Nyamisati, maji yalipoanza kushuka. Mudathiri na mjomba wake Saadi, na vijana wawili wa kuwabebea mikoba. Watu wakaamkiana, wakakaribishana, wakapewa madafu. Rukaiya alikuwa jikoni na Sikudhani, anachungulia kwenye upenyo wa makuti. Akamwona anavyoamkia wazee. Aliyekaa kulia kwake akimwita, hageuzi shingo. Anageuza kifua chote.

"Shangazi," akasema, "niitie. Sasa hivi."

"Mwali na bwana siku ya boriti? Unataka mama yako anichome na kijinga?"

"Shangazi yangu, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

"Umeniomba vitu tangu umeota meno," Sikudhani akasema, lakini alishatoka. Akamwambia Mudathiri kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba kuna gunia la mkaa limemshinda, wanaume wenye nguvu si wamekuja? Akampitisha nyuma ya jiko, akasimama mlangoni anagonga sufuria kwa mwiko ili sauti zao zisitoke.

Mudathiri akainama kidogo kama kawaida yake, lakini kwa kiuno, shingo imenyooka. Shati lake jipya lilikuwa na vifungo viwili wazi.

"Funga vifungo," Rukaiya akasema.

"Joto."

"Vifunge nione."

Akajaribu. Vidole vikakizunguka kifungo, vikakikosa, vikakishika, kikaponyoka. Rukaiya akavisukuma vile vidole kando taratibu, akamfunga mwenyewe, kimoja, cha pili, na mikono yake ikabaki pale kifuani kwa mtu.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Vidole, Mudathiri."

"Vinaisha hivi. Nimepona mimi. Mjomba kanipeleka kijiji cha Mkongo kwa bibi mmoja mvuta mifupa. Kanivuta shingo siku saba kwa mafuta ya nyonyo. Anasema njia ilikuwa imeziba, sasa imefunguka. Nimeisikia mwenyewe inalia, ko! Moto ukashuka mpaka kwenye vidole."

Rukaiya akashika nguzo ya jiko. "Moto ukashuka mpaka kwenye vidole?"

"Uponyaji huo."

"Huo ni uti wako unapiga kelele! Daktari alisema nini? Asikuvute mtu!"

"Daktari anaona picha. Bibi anashika mtu. Na mama naye kanipima kwa utepe wa kanga, shingo yangu inaipita ya mjomba vidole vitatu. Shingo nene hivi iwe nyembamba ndani?"

"Unene wa nje na njia ya ndani wapi na wapi? Huo ni mfupa, si mlango wa kupakwa mafuta ukafunguka! Umezaliwa nayo. Nimeipima mimi. Nimeipima nikaifuta, nikaipima tena, nikimwomba Mungu mkono wangu uwe umekosea."

"Taratibu jamani," Sikudhani akanong'ona mlangoni. "Sufuria itatoboka."

Mudathiri akashusha sauti. "Sasa unataka nifanyeje? Niende pale barazani nimwambie baba yako, mzee, mimi ni kiwete, bado siku tu?"

"Mwambie ukweli. Mimi nitasimama na wewe."

"Baba yako? Aliyemgeuza kaka yake? Wewe ndiye uliyenisimulia. Atanipa maji ya kunywa na nauli ya kurudi." Akamshika mkono, akaupeleka shavuni kwake. "Ruki. Boriti moja. Nikiitua wewe wangu. Nisipoibeba wewe si wangu. Hapo pana hesabu gani?"

"Ukianguka nayo?"

"Basi utanigeuza kitandani. Utachoka?"

"Sitachoka," Rukaiya akasema, machozi yanamshuka na hayafuti. "Wewe ndiye utakayechoka kugeuzwa. Utanichukia kwa kila ubavu nitakaokulaza."

Wakatazamana. Sikudhani anasema aligeuka kuwaambia muda umekwisha, akashindwa, maana macho yale hayakuwa ya watu wa kuingiliwa. Mudathiri alikuwa anamtazama kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya safari, paji la uso, nyusi, kidoti cha kwenye mdomo. Kisha akamwachia mkono.

"Umeapa," akamwambia, akatoka.

Maji yakakupwa sawasawa. Wanaume wakakaa kiwanjani. Wanawake wakashuka mtoni na ndoo zao za tope la kumrushia bwana harusi kwa utani, na Rukaiya akafungiwa chumbani na Sikudhani kama inavyotakiwa. Dirisha lilitazama upande wa minazi, mto hauonekani. Sauti tu zilifika.

"Bwana harusi wa milimani! Huku hakuna mawe ya kukanyaga, ingia na miguu yako!"

"Umezoea kupiga mpira kwa kichwa, leo utapiga tope kwa makalio!"

"Mwacheni, anatafuta mwamuzi!"

Vicheko. Mudathiri naye akawajibu kitu, wakacheka zaidi. Rukaiya alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, midomo inasoma dua.

"Kainamaa!" mmoja akapiga kelele. "Kaishikaa!"

Kisha vigelegele. "Kainua!"

Rukaiya akasimama. Sikudhani akamshika kanga, na kanga ndiyo iliyombakia mkononi, mwenyewe ameshatoka. Alipita katikati ya wazee hakuamkia mtu. Alishuka kwenye tope mbio, likamfika magotini, likamfika mapajani, akawa anajivuta kwa mikono kwenye mizizi ya mikoko. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja kadiri walivyomwona.

Mudathiri alikuwa ameshapiga hatua. Boriti ilikaa bega la kulia, kichwa kimesukumwa upande wa kushoto, mishipa ya shingo imetoka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafuta mahali pa kukanyaga, na haupaoni, kama mguu wa mtu mwingine.

"Itue!"

"Rudi ndani, Ruki."

"Mudathiri, itue!"

"Mwali topeni!" bibi mmoja akapiga kelele. "Mkosi huu!"

Rukaiya akakishika kichwa cha boriti kwa mikono miwili, akakitia bega lake chini. Na hapo, mbele ya mama yake, wifi zake, na majirani wote wenye ndoo, akasema.

"Shingo yake ni mbovu! Nimeipima mimi! Njia ya uti ni nyembamba, akianguka na hii hainui tena mkono wala mguu! Jamani msaidieni, mnacheka nini?"

Hakuna aliyekuwa anacheka. Mudathiri alimtazama tu, na macho yale ya nyuma ya jiko yalikuwa yameshaondoka.

Aliyeshuka ni Mzee Idrisa. Alishuka na kanzu yake ya Ijumaa, hakuikunja hata pindo. Akafika, akajiingiza chini ya boriti katikati ya wale wawili, akaichukua begani mwa Mudathiri. Mzee wa umri ule. Akapanda nayo hadi kiwanjani peke yake, akaitua. Wanawake wote walijua maana yake, na Mwanabibi akakaa chini pale pale kwenye tope akajifunika uso.

Barazani watu walikaa na matope yao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunawa.

"Ni kweli?" Mzee Idrisa akauliza.

"Kweli, baba," Mudathiri akasema.

"Mwanangu, sina hasira na wewe. Ulitaka mke, ukatoa shingo yako. Mimi nani wa kukucheka?" Mzee alikuwa bado anahema. "Lakini nilimgeuza Abdala mpaka Mungu alipomchukua. Mkewe aliolewa msichana, alipotoka eda alikuwa bibi kizee. Niliyaona kwa macho haya. Siwezi kumtia binti yangu humo, nikajifanya sikuona."

Rukaiya alikuwa amesimama mlangoni, tope limeanza kukauka miguuni. "Baba, mimi nakubali. Wengine wanaolewa na watu wasiowajua. Mimi huyu nimemwona mpaka ndani ya mfupa, na bado namtaka."

"Unamtaka kwa sababu anatembea."

"Nitamtaka hivyo hivyo."

"Mke wa Abdala alisema hayo hayo," mzee akasema kwa upole. "Kwa maneno hayo hayo, mama. Na hakusema uongo. Ndiyo maana aliteketea."

Saadi, mjomba mtu, akakohoa, akasimama. "Mzee mwenzangu, usijisumbue. Hata sisi tunajitoa. Kijana alimwambia siri akiwa mgonjwa wake, na yeye akaimwaga topeni mbele ya wanawake. Mke wa kukuvua nguo hadharani hatumwingizi nyumbani kwetu."

"Nimemvua nguo au nimemvua mauti, mjomba?" Rukaiya akauliza.

"Usimjibu mkubwa," Mwanabibi akasema.

Rukaiya akamtazama Mudathiri, akingoja neno lake moja tu. Mudathiri alikuwa anajitahidi kukwangua tope kwenye kifungo cha shati, kidole kinateleza.

Basi posa ikavunjika kwa adabu zote, watu wakapeana mikono, wakaombana radhi. Jambo lile Sikudhani anasema lilimuuma kuliko matusi.

Maji yalipojaa tena, boti ikaandaliwa. Safari hii hakuna aliyemkataza Rukaiya kwenda mtoni, maana hakuwa mwali tena. Sikudhani akamfuata kwa nyuma. Saadi alikuwa ameshaingia botini, amewapa kisogo.

"Ungeniacha nikaitua," Mudathiri akasema.

"Ungeitua?"

"Nilishafika nusu."

"Hukufika nusu. Mguu wako wa kushoto ulikuwa umeshakuacha. Hukuuona?"

Mudathiri akageuka. Akatazama mto kwa kifua chote.

"Rudi Dar kwa yule daktari," Rukaiya akasema. "Vidole vile na mguu ule ndivyo alivyovisema. Nenda wiki hii. Siendi na wewe, sikuombi kitu, nenda tu."

"Dar nakwenda. Jumamosi nina majaribio na timu moja kule."

"Mudathiri!"

"Hawajaiona picha. Wameona video ya mechi tu, wamenipenda."

"Utakufa! Au ukose hata kufa!"

"Sasa nibaki na nini?" Alisema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mpira daktari kaninyang'anya. Wewe umejinyang'anya mwenyewe. Nikae Ikwiriri nauza vocha, watoto wanioneshe kidole, yule ndiye aliyeokolewa na mwanamke topeni?"

"Nichukie. Nichukie unavyotaka. Niahidi tu Jumamosi hutaruka mpira wa juu."

"Mimi ni beki wa kati, Ruki. Niruke mpira gani?"

Akataka kucheka, wakataka kucheka wote wawili, kama zamani, kicheko kikafika mahali kikasimama. Akainua mkono kama anataka kumfuta tope shavuni, akauona mkono wenyewe unavyotetemeka, akaurudisha. Vijana wawili wakamshika makwapa kumpandisha botini, yeye aliyekuwa akiruka kuliko watu wote wa wilaya.

Injini ikawaka. Hakuahidi, wala hakukataa. Boti ikaingia kona ya mikoko, ikabaki sauti, nayo ikaisha.

Jioni ile chakula kiliiva hakikuliwa. Mwanabibi alijifunga kichwa kwa kitambaa akalala upande wa ukutani kabla ya kuswali isha, akaamshwa akaswali, akalala tena. Mzee Idrisa alilala kwenye mkeka wa ukumbini na kanzu yake yenye tope. Bega lilimvimba, hakutaka likandwe. Alisema tu, "Niacheni nalo," na baada ya kitambo akaanza kukoroma kwa tabu.

Rukaiya alikuwa na Sikudhani kitanda kimoja. Shangazi alimwosha miguu yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, kisha akampa mgongo wake aegemee.

"Usijilaumu, mwanangu."

"Sijilaumu. Hata ningeapa mara mia ningeshuka. Shangazi, bora anichukie anatembea."

"Bora."

"Nitamwona siku moja barabarani Kibiti, na mke wake, anapita hanisalimii. Nitafurahi."

"Utafurahi," Sikudhani akasema, akimpapasa nywele. Kisha, maana moyo wake haukuweza kulizuia, akauliza, "Na Jumamosi akiruka?"

Rukaiya hakujibu. Sikudhani akadhani analia, akageuka kumtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kama mtu aliyechoka kwa kazi ya shamba. Sikudhani akamfunika. Akalala chali, macho kwenye makuti, akijaribu kukumbuka Jumamosi ni lini, ni kesho kutwa au mtondo, siku zikamchanganyikia, akaanza kuzihesabu upya tangu Ijumaa iliyopita, na kabla hajaifikia Jumamosi usingizi ukamchukua.